Baba alimpeleka mama akapimwe masikio, kumbe tatizo ni sauti yake: uzi wa Parkinson na mazoezi ya sauti na mwili

BintiMzee (mwanzisha uzi)

Heshima kwenu wakuu. Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu, leo naushusha. Ni mrefu, mwenye haraka aruke.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Waliosoma kwake watakwambia shule haikuhitaji kengele, akisema "kaeni chini" hata darasa la jirani linakaa. Aligundulika na Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo wa mwili, miaka mitano iliyopita. Ilianza na kidole gumba cha kulia kucheza kama mtu anayehesabu noti, halafu mguu wa upande huohuo ukawa unaburuzika. Akaanzishiwa dawa, akapata nafuu ya kweli, tukatulia.

Tusichokijua ni kwamba sauti nayo ilikuwa inaondoka kidogokidogo. Kwanza kwenye simu, watu wakawa wanamkatia wakidhani mtandao mbovu. Halafu mezani, akianza sentensi wengine wanaongea juu yake bila kujua kama kaanza. Mwisho ikawa ugomvi. Baba anasema mama hasikii. Mama anasema baba ananuna, maana uso umekuwa mkavu, haucheki wala haukunjamani, na akiulizwa jambo anajibu chinichini kama kalazimishwa. Waliishi hivyo miezi mizima, kila mmoja na hukumu yake. Ikafika siku baba akamchukua mama, nami nikiwepo, tukaenda kupima masikio.

Majibu: mama anasikia kuliko mimi.

Mpimaji wa masikio ndiye aliyetufumbua macho. Wakati baba anajieleza pale, yule mpimaji akaniuliza pembeni, "Mzee huwa anaongea hivi siku zote?" Nikashtuka. Kwa kweli sikumbuki ilianza lini. Akatuelekeza kwa mtaalamu wa tiba ya usemi.

Siku ya kwanza sitaisahau. Mtaalamu aliweka mezani kifaa cha kupima ukubwa wa sauti, kama sentimita 30 kutoka mdomoni kwa baba, akamwambia asimulie tu alivyoamka. Kilisoma desibeli 62, kikawa kinashuka kila sentensi inapokaribia mwisho. Akamwambia, "Sasa nisimulie mara ya pili, lakini kwa sauti kubwa maradufu." Baba akakataa katakata, eti hawezi kumfokea mtoto wa watu. Akabembelezwa. Akavuta pumzi, akasimulia. Kifaa kikapanda 73.

"Umejisikiaje?"

"Nimefoka. Nisamehe."

Akamchezea rekodi. Baba akasikiliza ameinamisha kichwa, akaomba irudiwe. Akasema, "Huyu mbona anaongea kawaida?" Hakusema "mbona naongea", alisema "huyu".

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kumwambia mgonjwa wa Parkinson "ongeza sauti baba" ni kazi bure. Kwake yeye sauti ipo. Kilichoharibika ni mizani ya ndani inayomwambia hii ni ndogo, hii inatosha, hii imezidi. Sauti ya kawaida anaisikia kama kelele, na mnong'ono anausikia kama mazungumzo.

Nitaendelea, nimpe chakula kwanza.

Mdadisi

Nimeweka kambi hapa. Endelea dada.

Kinyonga77

Sijaelewa kidogo. Kama ugonjwa ni kupungua kwa dopamini, ile kemikali ya ubongo inayosaidia mwendo, na dawa inaleta dopamini, kwa nini dawa isirudishe na sauti? Au dozi ndogo?

FizioMkongwe

Kinyonga77, swali zuri. Mimi ni mtaalamu wa viungo, si wa usemi, lakini wagonjwa hawa nimekaa nao miaka mingi.

Ndani ya shina la ubongo kuna eneo dogo lenye rangi nyeusi. Seli zake ndizo zinazotengeneza dopamini, na ndizo zinazokufa. Dopamini hiyo inahitajika kwenye sehemu za ndani ya ubongo ambazo kazi yake moja kubwa ni kupima mwendo: hatua iwe ndefu kiasi gani, mkono unyooke mpaka wapi, herufi iwe kubwa kiasi gani, pumzi isukumwe kwa nguvu gani. Mizani hiyo ikipungukiwa, kila kitu kinatoka kidogo. Ndiyo maana utaona dalili ambazo kwa macho hazifanani, kumbe ni kitu kimoja: hatua fupi, mwandiko mdogo unaozidi kusinyaa kuelekea mwisho wa mstari, uso usiocheza, mkono usiopunga wakati wa kutembea, sauti ndogo. Misuli ipo na nguvu ipo. Amri ndiyo inayotumwa pungufu.

Levodopa, ndiyo dawa hiyo inayoleta dopamini, ni nzuri sana, imetumika tangu mwisho wa miaka ya 1960 na mpaka leo haijapata mpinzani. Inasaidia sana ugumu wa misuli na uzito wa mikono na miguu. Lakini sauti, kumeza na balansi vinaisikiliza kidogo, na kwa wengine haviisikilizi kabisa. Hata upasuaji wa kuweka nyaya za umeme kwenye ubongo, ambao unatuliza sana mtetemeko, kwa baadhi ya watu unaacha usemi ukiwa mbaya kuliko ulivyokuwa. Kwa hiyo hapo mazoezi si mapambo ya kupambia dawa. Ni tiba yenyewe.

BintiMzee

Nimerudi. Asante sana FizioMkongwe, umenipunguzia kuandika.

Tiba aliyopewa baba inaitwa LSVT LOUD. Hilo neno la pili maana yake ni sauti kubwa tu, hakuna siri. Herufi za mwanzo, L na S, zinatokana na jina la mama mmoja wa Marekani, Lee Silverman, aliyekuwa na Parkinson. Familia yake haikuomba apone, ilitamani tu iweze kumsikia na kumwelewa. Mwaka 1987 wataalamu wawili, Lorraine Ramig na Carolyn Mead, wakaanza kuitengeneza tiba hii kutokana na hitaji hilo. Nilipohadithiwa nilimtazama mama, naye alikuwa anatazama ukutani.

Utaratibu wake ni mkali, nisiwadanganye. Siku 4 kwa wiki, wiki 4 mfululizo, kila mara saa nzima. Jumla vipindi 16. Na kila siku kuna kazi ya nyumbani, hata siku ambazo huendi. Kabla ya kuanza alitakiwa aangaliwe koo na daktari, maana kama nyuzi za sauti zina uvimbe au kidonda, kuzilazimisha ni kujiumiza.

Nusu ya kwanza ya kipindi haibadiliki kila siku. Unatoa "aaa" moja ndefu kadiri pumzi inavyofika, tena na tena. Halafu "aaa" inayopanda mpaka juu kabisa unapoweza, kisha inayoshuka mpaka chini. Halafu sentensi 10 ambazo wewe mwenyewe unazitumia kila siku. Baba aliambiwa aandike zake. Zilikuwa hivi, sizibadilishi: "Miwani yangu iko wapi?" "Nani kaacha taa inawaka?" "Nimeshakunywa dawa." "Nipigie wewe, salio limekwisha." "Msinifanyie haraka." Nyingine zimebaki siri ya nyumba.

Nusu ya pili inapanda ngazi. Wiki ya kwanza neno na fungu la maneno, ya pili sentensi, ya tatu kusoma, ya nne mazungumzo yenyewe. Kila kipindi kinaisha na kazi ya kutumia sauti hiyo nje na mtu halisi. Siku moja alitumwa aulize bei dukani bila kurudia swali. Alirudi na kitu ambacho hatukukihitaji, ila muuzaji alimsikia mara ya kwanza.

Jambo lililonishangaza ni kwamba mtaalamu hakumpa maelekezo mengi. Hakumwambia panua mdomo, bana tumbo, tamka vizuri. Neno lilikuwa moja tu, KUBWA. Nilipouliza akasema mtu huyu akipewa mambo matano ya kukumbuka wakati anaongea, atasahau alichotaka kusema. Ukishika ukubwa wa sauti peke yake, mdomo unafunguka wenyewe, pumzi inaingia yenyewe, na hata uso unaamka. Nilithibitisha kwa macho. Wiki ya pili, akiwa kwenye "aaa" ya juu kabisa, nyusi zilipanda. Nyusi za baba sikuziona zikipanda kwa miaka miwili.

Kinyonga77

Samahani dada, sina nia mbaya, ila hapa nanusa biashara. Mtu apige kelele mwezi mzima, alipishwe, aambiwe kapona? Kuna ushahidi au ni hadithi za "mzee wangu alipata nafuu"?

BintiMzee

Sijasema kapona, rudi juu usome. Parkinson haina tiba ya kuiondoa na mtu akikwambia anayo, kimbia. Upande wa ushahidi ngoja wenye taaluma.

FizioMkongwe

Kinyonga77 ana haki ya kuuliza. Nitataja tafiti mbili.

Uingereza walifanya jaribio kubwa likachapishwa 2024. Watu 388 wenye Parkinson na matatizo ya sauti waligawanywa kwa bahati nasibu makundi matatu: LSVT LOUD, tiba ya kawaida ya usemi inayotolewa na huduma yao ya afya, na kundi lililosubiri bila tiba. Baada ya miezi 3 kundi la LOUD lilisema sauti inawatesa kidogo zaidi katika maisha yao kuliko makundi mengine yote mawili. Kundi la tiba ya kawaida halikutofautiana na wale waliosubiri tu, na hilo liliwauma wengi kwenye taaluma. Ila upande wa pili nao usemwe: kwenye kundi la LOUD waliolalamika koo kuchoka na sauti kukwaruza walikuwa wengi zaidi. Ndiyo maana nasema usiifanye kwa kutazama video peke yako, anza na mtu anayeijua.

Upande wa mwili kuna ndugu yake, LSVT BIG, kanuni ileile: badala ya sauti kubwa, mwendo mkubwa. Kuna utafiti wa Ujerumani, matokeo yalitoka 2010. Wagonjwa 58 katika makundi matatu: BIG mtu na mtaalamu wake, kutembea kwa fimbo mbili kikundini, na mazoezi ya kujifanyia nyumbani baada ya kuelekezwa. Kundi la BIG lilipata nafuu ya pointi kama 5 kwenye kipimo cha mwendo, wengine walibaki karibu na walipoanzia. Pointi 5 hazimfanyi mtu akimbie, lakini zinatosha mtu aonekane amebadilika.

MamaTulia

Habari zenu wanangu. Mimi siuguzi mtu, mimi ndiye mgonjwa. Mwaka wa nane huu. Naandika polepole na simu inanisahihisha vibaya, mnivumilie.

Mwandiko ndio ulionishtaki. Nilikwenda kuchukua fedha zangu mwenyewe, sahihi ikakataliwa mara tatu. Kijana wa dirishani akaniuliza kama kweli mimi ndiye mwenye akaunti. Nilipotazama karatasi, jina langu lilianza vizuri, likaishia kama mchwa wanaingia shimoni. Sasa naandika kwenye daftari la mistari mipana na kila herufi naigusisha mstari wa juu na wa chini. Sahihi yangu mpya ni kubwa kama ya rais.

Kilichonitesa zaidi ni kuganda. Natembea vizuri, nikifika mlangoni miguu inashikwa na sakafu. Mwili unataka kwenda mbele, miguu haipo. Watu wa nyumbani walikuwa wananivuta mkono, nikaanguka mara mbili. Tafadhali msimvute mtu aliyeganda. Mnamwangusha.

Niliyofundishwa ni haya. Nikiganda nasimama kabisa, siendelei kupigana nayo. Nahamisha uzito mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kama naubembeleza mwili. Halafu natafuta kitu cha kuvuka. Mjukuu alibandika tepe nyeupe sakafuni mlangoni, mistari minne, umbali wa hatua moja hadi nyingine. Nikiiona tu, mguu unanyanyuka wenyewe. Kama hakuna mstari namwambia mtu aweke kiatu chake mbele ya changu, nakiruka. Au nahesabu kwa sauti moja, mbili, tatu, twende. Mlango uleule ulionigandisha napita kama bibi harusi.

BintiMzee

Shikamoo mama MamaTulia. Hiyo ya kiatu sikuijua. Nimecheka na kulia kwa pamoja.

MamaTulia

Marahaba mwanangu. Cheka tu, mimi mwenyewe nacheka.

Mdadisi

Hii ya mistari imenichanganya. Inakuwaje mtu ashindwe sakafu tupu halafu aweze kuvuka kitu?

FizioMkongwe

Kwa sababu ni barabara mbili tofauti kichwani. Kutembea bila kufikiri kunaendeshwa zaidi na ile mizani iliyoharibika. Kuvuka mstari unaouona ni kitendo cha makusudi, na hicho kinapitia njia nyingine ambazo ugonjwa haujazishika sana. Mdundo nao unafanya hivyo. Kuna wanaotumia programu ya simu inayopiga ti, ti, ti, wengine wimbo wenye mapigo yanayotembeleka. Ukiangalia vizuri, LOUD na BIG zote ni hilohilo: kilichokuwa kinajiendesha chenyewe sasa mtu anakiendesha kwa kukusudia, kwa kurudia mpaka kizoeleke.

Na kwa sababu umakini ndio mafuta yake, msimsemeshe mtu anapotembea wala msimpe kubeba chai. Wengi nawajua walioanguka wakijibu swali. Kingine ni kugeuka. Asigeuke papo hapo kama mlango kwenye bawaba, azunguke kwa upana, hatua kubwakubwa, kama gari linalotafuta nafasi.

Ngumi_Mkononi

Wakuu, mnajua nani ananijia kichwani nikisoma hapa? Muhammad Ali. Mtu aliyeongea kuliko mabondia wote duniani, aliyetangaza raundi atakayompigia mtu kabla ya pambano. Aligundulika 1984 akiwa na miaka 42, na miaka yake ya mwisho alikuwa ananong'ona. Atlanta 1996 alipowasha mwenge wa Olimpiki, mkono ulitetemeka dunia nzima ikiona. Sikujua kama sauti ni sehemu ya ugonjwa uleule, nilidhani ni ngumi tu.

Halafu cha ajabu ngumi hizohizo ni mazoezi. Kuna mpango unaitwa Rock Steady Boxing ulioanzia Indianapolis mwaka 2006, wagonjwa wanapiga begi, hawapigani. Unanyoosha mkono mpaka mwisho, unageuza kiuno, unapiga kelele. Mjomba anafanya hayo na kocha wake wa kawaida aliyeelekezwa na fizio. Siku ya begi ndiyo siku pekee anayoamka kabla ya wote.

FizioMkongwe

Ni kweli. Na kwa asiyependa ngumi kuna tai chi, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole. Utafiti wa Marekani wa 2012, watu 195, mara mbili kwa wiki kwa miezi 6: waliofanya tai chi walianguka mara chache kuliko waliofanya kunyoosha viungo tu. Wengine wanacheza dansi. Zoezi bora ni lile atakalolifanya mwakani pia.

Tahadhari moja inasahaulika. Wengi wa wagonjwa hawa presha inashuka ghafla wakisimama. Kabla ya zoezi la wima akae ukingoni mwa kitanda kidogo, na kiti kizito chenye mgongo kiwe mbele yake.

Nesi_Zamu

Nimesoma yote kimya, ila hamjagusa kumeza na mimi hapo ndipo ninapolala macho. Wagonjwa wa Parkinson wengi hawaondoki kwa mtetemeko. Nimonia inayotokana na chakula au mate kuingia njia ya hewa ni moja ya sababu kubwa. Na mbaya zaidi wengine hupaliwa bila hata kukohoa.

Angalieni dalili hizi: sauti yenye majimaji baada ya kunywa, kukohoa katikati ya mlo, mlo wa dakika 20 kuwa wa saa nzima, kupungua uzito, homa zinazojirudia. Mkiziona semeni kwa mtaalamu wa usemi, kumeza ni kazi yake pia. Na hao wanaodondosha mate, msidhani yamezidi. Mate ni yaleyale, ila hamezi mara nyingi kama zamani.

Kuna kifaa kidogo cha kupuliza chenye springi ndani, pumzi inatoka pale tu unapoisukuma kwa nguvu ya kutosha. Kilijaribiwa kwa watu 60 matokeo yakatoka 2010, waliokitumia wiki 4 kumeza kwao kukawa salama zaidi. Ugumu wake unarekebishwa na mtaalamu, msikinunue na kukipuliza kwa kubahatisha.

Na dawa. Levodopa inagombania njia na protini ya chakula, kwa hiyo wengi huambiwa wainywe nusu saa au zaidi kabla ya kula. Mazoezi yawekwe wakati dawa imekolea, si wakati imeisha mwilini. Na mtu asiiache ghafla kwa sababu kajisikia nafuu baada ya mazoezi. Hiyo ni hatari kubwa.

Kinyonga77

Sawa, nimelainika. Swali la mwisho: asiye na mtaalamu karibu afanyeje? Vipindi 16 ni vingi.

FizioMkongwe

Tiba ya sauti inafanyika pia kwa video, na walioipima waliona matokeo ya ukubwa wa sauti hayapishani sana na ya ana kwa ana. Hata kama mtampata mara moja tu, mwende na mambo matatu: apimwe sauti na kumeza, afundishwe "aaa" isiyokwaruza koo, na mmoja wa familia afundishwe kuisikia tofauti. Mkwaruzo ukitokea ni dalili kwamba anabana koo badala ya kusukuma pumzi.

Na mwanzo ni bora kuliko baadaye. Watu husubiri mpaka hasikiki kabisa. Akianza wakati sauti imepungua kidogo tu, ana akiba ya kujengea.

BintiMzee

Nimalizie yangu.

Baada ya LOUD tulipumzika kidogo, akafanya BIG, vipindi 16 tena. Mazoezi ya msingi ni 7. Mawili ya kukaa: kuinama mpaka sakafuni kisha kufungua mikono juu kama anapokea mvua, na kunyoosha upande hadi upande, kila mkao unashikiliwa hesabu 10. Mengine ni ya kusimama: hatua kubwa mbele, pembeni, nyuma, na kuyumba huku mkono unafika mbali. Juu ya hayo, mambo yake mwenyewe. Alichagua kuinuka kwenye kiti, kufunga vifungo vya shati, na kugeuka kitandani. Kuinuka alikufanya mara tano kila siku, kila mara akitangaza "KUBWA!" Mwanzoni nilimwonea aibu. Sasa nasema nami.

Wiki ya nne shati lilifungwa lote bila mimi. Kama dakika sita. Sikumsaidia, nilikaa juu ya mikono yangu.

Sasa yasiyo matamu. Miezi miwili baadaye akapata mafua, mazoezi yakalala siku kumi na mbili. Sauti ilirudi kulekule, nilimpigia simu nikasikia upepo tu. Nilikasirika, nikamsema, na hilo najutia, maana alijua kabla yangu. Tulianza upya na "aaa" ya sekunde 7. Ilichukua kama wiki tatu kurudi kwenye 15. Kwa hiyo msidhani mwezi ule ni kama dozi ya antibiotiki, unamaliza unasahau. Kwake ni dakika kumi hadi kumi na tano kila siku ya maisha, na zikipita siku mbili sisi tunazisikia.

Kuna siku pia dawa inagoma, anakaa tu, na siku hizo hatumdai chochote.

Mdadisi

Na mama? Walipatana?

BintiMzee

Mama ndiye anayeshika saa. Saa tatu asubuhi, dawa ikishakolea, wanakaa meza ileile, yeye na daftari la sekunde, baba na "aaa" yake. Juzi nilifika wakiwa katikati. Baba alipomaliza akauliza ngapi. Mama akamjibu kwa kunong'ona, makusudi. Baba akasema, "Sikusikii." Mama akafunga daftari, akamwambia, "Nenda kapimwe masikio."